Sikio Lisilofundishwa

Sentensi niliyoisoma ilikuwa fupi: "Amekuja kunichukulia vyombo vyangu." Lilikuwa darasa la tatu, watoto zaidi ya sitini, watatu watatu kwenye dawati, na mwalimu wao alikuwa ameniachia ubao akaenda kukaa nyuma. Niliisoma mara mbili bila haraka, kisha nikapita katikati ya madawati kuchungulia madaftari. Mtoto mmoja wa kiume, penseli yake imebaki kipisi cha kushikwa kwa ncha za vidole, alikuwa ameandika: "Ame kuja kuni chukulia vyombo vyangu."

Nikachutama karibu naye. "Hapa pana kuni?"

Akaangalia daftari, akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu."

"Sasa huyu mtu amekuja kufanya nini?"

"Amekuja kukuchukulia vyombo vyako."

Jibu hilo sijalisahau. Nilisema "kunichukulia" naye akasema "kukuchukulia". Nilisema "vyangu" naye akasema "vyako". Alihamisha nafsi mara mbili ndani ya sentensi moja bila kusita, jambo ambalo mgeni niliyemfundisha mwaka mzima angelifanya huku akihesabu vidole. Mtoto huyu ana Kiswahili. Anakielewa, anakizungumza, na sarufi yake imekaa mahali pake. Na bado aliandika kuni mahali pasipo na kuni.

Wengi wetu tungesema hajui kuandika. Mimi nasema kosa halikuanzia mkononi, lilianzia sikioni. Tunapozungumza hatuachi nafasi kati ya neno na neno. Sauti hutoka mfululizo, na zile nafasi nyeupe tunazoziona kwenye ukurasa ni mambo ya maandishi. Neno la Kiswahili nalo limejaa vipande: ku-ni-chuku-li-a, na kila kipande kina maana yake. Mtoto alipotenga "ame" na "kuja" alikata palepale ambapo kipande kimoja cha maana kinaishia na kingine kinaanzia. Hakubahatisha. Pitia ujumbe wa simu wa watu wazima, wenye kazi na familia zao, uone "nime fika", "ata kuja", "tuta onana kesho". Ni ukataji uleule. Wanasikia vipande, ila hakuna aliyewahi kuwafundisha kulisikia neno zima.

Na Kiswahili kimetupa alama ya wazi kabisa ya mwisho wa neno. Isipokuwa maneno machache, mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kunichukulia ina mkazo mmoja tu, kwenye "li". Kama kweli pangekuwa na kuni, ungesikia mkazo mwingine kwenye "ku". Siku ile niliwaambia watoto wafumbe macho, nikasoma sentensi tena, nikawaomba wapige kofi moja kila sauti inapopanda. Amekuja, kofi. Kunichukulia, kofi. Vyombo, kofi. Vyangu, kofi. Makofi manne. "Basi maneno ni mangapi?" Darasa zima likajibu manne. Yule bwana mdogo alikuwa na sita kwenye daftari lake. Akahesabu kwa kidole, akahesabu tena, akaanza kufuta kwa mate na ncha ya kidole.

Zoezi lenyewe halikufika dakika tano. Mwalimu wa darasa, ambaye ni mwalimu mzuri na ana miaka mingi kazini, aliniambia pale mlangoni kwamba hajawahi kuona kusikiliza kukifundishwa. Alikuwa amezoea kukudai tu.

Tofauti hiyo ya kudai na kufundisha ndiyo iliyonikalisha niandike safu hii. Fungua muhtasari wowote wa somo la lugha, wa Tanzania au wa Kenya, utakutana na stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika. Kusikiliza kumetajwa kwanza. Katika mtaala mpya wa Kenya, ulioanza kwenye madarasa ya chini mwaka 2019, kusikiliza na kuzungumza ni mada kuu yenye vipindi vyake. Ila ukifunga muhtasari ukaingia darasani, stadi hiyo ya kwanza unaitafuta huioni. Unachokisikia ni amri: "Nyamazeni! Sikilizeni!" Mwalimu akishapata ukimya anaona kusikiliza kumekwisha kupatikana, na somo linaanza.

Nadhani lugha yenyewe imetusaidia kupotea. Kwetu mtoto msikivu ni mtoto mtiifu. Tukisema "huyu hasikii" hatuna maana kwamba ana tatizo la masikio, tuna maana ni mkaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hilo "kusikia" ni kutii. Tumeliweka sikio kwenye fungu la adabu, na jambo likishakuwa la adabu hatulifundishi hatua kwa hatua, tunalikemea linapokosekana. Hakuna anayemkemea mtoto asiyejua kugawanya kwa tarakimu mbili kwa kumwambia tu "gawanya!" Anaoneshwa njia. Ila mtoto aliyesikiliza maelezo ya dakika kumi asiambulie hoja kuu, huyo tunamwambia hakuwa makini.

Mitihani imeikamilisha kazi hiyo. Tanzania, mtoto wa darasa la nne husomewa na msimamizi sentensi chache za imla katika mtihani wa Kiswahili, na hilo ni jambo jema. Baada ya hapo sikio lake halipimwi tena katika Kiswahili hadi anamaliza kidato cha nne. Ufahamu anaokutana nao ni kifungu cha kusoma. Kenya, mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne una karatasi tatu, na zote ni za kalamu. Upande wa Kiingereza kuna sehemu inayoitwa stadi za mazungumzo, yenye alama 30 kati ya 60 za karatasi ya kwanza, lakini nayo hujibiwa kwa kuandika: mtahiniwa anaulizwa neno gani linatamkwa sawa na jingine, au angetumiaje sauti yake kukariri shairi, naye anaeleza kwa maandishi. Ukumbi mzima uko kimya, watu wanaandika jinsi ambavyo wangesema. Siwalaumu watunzi, kumsikiliza kila mtahiniwa mmoja mmoja kunataka watu na fedha. Ila mwalimu hufundisha kinachotahiniwa, na wazazi humpima kwa hicho.

Nilijifunza uzito wa sikio kwa wageni kabla sijaujua kwa watoto wetu. Kwa miaka mingi nilifundisha Kiswahili watu wazima waliokuja kufanya kazi huku. Mmoja wao, daktari wa makamo kutoka Ulaya, alikuwa na bidii iliyonitia aibu. Baada ya miezi mitano alisoma gazeti na kulieleza. Aliandika barua yenye vitenzi vya kutendeana na kutendeshwa vimenyooka. Jumatatu moja alikuja darasani uso umeshuka. Alikuwa amepanda daladala, konda akamwambia jambo, abiria wakamwambia jambo, naye hakuambulia kitu. Akaniambia, "Mwalimu, maneno yote nayajua. Lakini yanapita."

Tukakaa tukaanza kutafuta yanapitia wapi. Chukua nitakupigia, nilikupigia, ningekupigia. Kwenye karatasi tofauti yake haijifichi. Kwenye sauti, mkazo wa maneno yote matatu uko kwenye "gi", na kile kipande kinachokwambia kama simu imeshapigwa, itapigwa, au ingepigwa kama pangekuwa na salio, kimekaa mwanzoni bila mkazo na kinapita upesi. Mtu aliyekulia kwenye Kiingereza au Kijerumani amezoea kuvizia silabi nzito, kwa sababu lugha yake huweka maana kubwa huko. Kwetu anapata "piga" na kukosa wakati. Ongeza na hili: vitabu vyangu vilimfundisha "amekwisha kuondoka", na konda akasema "ashaondoka". Vitabu vilisema "ndiyo hivyo", mtaa ukasema "ndo ivo". Alikuwa amejifunza Kiswahili cha macho, na kile cha masikio kilikuwa kama lugha ya pili kwake.

Tulifunga vitabu. Kila siku dakika kumi na tano nilisema sentensi, naye akaonesha kwa mkono tu: nyuma kama jambo limepita, mbele kama linakuja, kando kama ni la kudhaniwa. Asiseme neno, asiandike. Baadaye nikamletea sauti za watu mbalimbali, mama muuza mboga, fundi, bibi mmoja wa Pemba, kijana wa Arusha. Wiki ya tatu alirudi akiniambia konda alikuwa ameuliza kama kuna wa kushuka sokoni. Alilisema kama mtu aliyepewa zawadi.

Serikali ya Marekani, ambayo hufundisha lugha wanadiplomasia wake, hukadiria kwamba Kiswahili kinahitaji wiki 36 hivi za darasani, na Kiarabu wiki 88. Ninachokipenda katika utaratibu wao ni kwamba mwishoni mtu hapewi alama moja ya lugha. Anapewa moja ya mazungumzo na nyingine ya kusoma, kwa sababu wanajua mtu anaweza kuwa mbele katika moja na nyuma sana katika nyingine. Shule zetu humpa mtoto alama moja iliyoandikwa "Kiswahili", na humo ndani hujui nini kimelala na nini kimesimama.

Mzawa ana faida ambayo daktari wangu hakuwa nayo, nayo ni mwangwi. Sikiliza: "Vile viti vyangu viwili vimevunjika." Ukishasikia "vi" ya kwanza, sikio lako linaingoja nyingine, na nyingine, hata kama lori limepita katikati ya sentensi likakufichia neno moja. Upatanisho wa ngeli, ambao watoto huuchukia ubaoni kwa sababu wanauona kama jedwali la kukariri, ni kamba ambayo sikio hushikilia ili sentensi isidondoke. Mtoto wa miaka mitano anaitumia kamba hiyo kila siku. Ningependa siku moja afundishwe ngeli kwa kuisikia hiyo "vi" ikirudi, kabla ya kuoneshwa jedwali.

Lakini uzawa nao una mipaka yake. Nchi yetu ina watu wengi ambao lugha yao ya kwanza haitenganishi l na r, na watoto wao huja shule wakiandika "mahari" wanapotaka kusema "mahali". Ametaja mahali, ametaja mahari: habari mbili tofauti kabisa, na moja inaweza kuitisha kikao cha ukoo. Nimeshuhudia watoto wakichekwa kwa hilo, na wengine wakichapwa. Fimbo haiwezi kumsikilizisha mtu sauti ambayo sikio lake limeshaamua kuiunganisha na nyingine. Janet Werker na Richard Tees walionesha mwaka 1984 kwamba mtoto mchanga hutofautisha sauti za lugha ambazo hajawahi kuzisikia nyumbani, na kwamba uwezo huo hupungua sana kabla hajatimiza mwaka mmoja. Sikio hujifunza kupuuza. Linapuuza kile ambacho lugha ya nyumbani haikihitaji, na hilo si uzembe wa mtoto.

Habari njema ni kwamba sikio lililojifunza kupuuza linaweza kufundishwa kuzingatia tena. Watafiti huko Marekani waliwachukua watu wazima wa Japani, ambao Kijapani chao hakitenganishi l na r, wakawasikilizisha maneno mengi ya Kiingereza yaliyosemwa na watu mbalimbali, na kila mara wakawaambia wamepatia au wamekosea. Masikio yao yakanoleka. Kilichonishangaza zaidi ni kazi ya Ann Bradlow na wenzake ya mwaka 1997: matamshi ya watu hao nayo yaliboreka, ingawa hawakuwa wamefundishwa kutamka hata neno moja. Sikio lilipotengenea, mdomo ukafuata. Sisi hufanya kinyume chake. Tunamsimamisha mtoto mbele ya wenzake tunamwambia "sema mahali, sema tena", na yeye anasema kile anachokisikia.

Pwani wana mahali ambapo sikio hufundishwa kweli, napo ni chuoni kwa maalim wa Kurani. Mtoto wa miaka sita anakaa kwenye mkeka, maalim anatamka, mtoto anafuata, maalim anamrudisha: ulimi utoke kidogo, sauti itoke kooni, hiyo si sini, ni the. Elimu ya tajwidi inazo kanuni za mahali ambapo kila sauti inazaliwa, na mtoto hapandi hatua mpaka sauti imekaa. Ndiyo maana mtoto aliyepitia chuoni Lamu au Unguja hana taabu na dhana na zana, wala na thamani na samani. Sikio lake lilishatengenezwa kabla hajafika darasa la kwanza, kwa lugha nyingine, na faida imemwagikia Kiswahili.

Mtoto huyohuyo, hata hivyo, anaweza kusoma ukurasa mzima wa Kiarabu kwa sauti nzuri bila kuuelewa, na hapo kuna funzo jingine ambalo walimu wa shule wasidhani haliwahusu. Maandishi ya Kiswahili ni mepesi kutamkwa. Irabu ni tano, kila herufi inasema sauti yake, na mtoto akishazimudu ba, be, bi, bo, bu anaweza kusoma kwa sauti karibu neno lolote, hata asilolijua. Wepesi huo ni neema, na ndiyo sababu watu wazima wengi waliweza kujua kusoma katika kampeni za elimu ya watu wazima. Lakini pia unatudanganya. Nilimsikiliza msichana wa darasa la nne akisoma kifungu kuhusu bandari, bila kukwama, sauti ikipanda na kushuka vizuri. Nikamwuliza meli ilishusha nini. Akarudi kuangalia kitabuni kana kwamba nimemwuliza habari za kifungu kingine. Neno "shehena" alikuwa amelitamka vizuri sana.

Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili kwa hesabu mwaka 1986: kusoma ni uwezo wa kugeuza herufi kuwa sauti, ukizidishwa kwa uwezo wa kuelewa lugha inapozungumzwa. Walisema kuzidisha, hawakusema kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata upande wa pili ungekuwa mkubwa kiasi gani. Na angalia ule upande wa pili ni nini: ni kuelewa kwa sikio. Mtoto ambaye hajawahi kusomewa hadithi yenye neno shehena, wala kusikia watu wazima wakieleza mambo marefu kidogo kuliko "lete maji", anafika kwenye kitabu akiwa na nusu ya kwanza tu. Tunapompima kwa idadi ya maneno kwa dakika tunapima nusu hiyohiyo, tena kwa kipimo ambacho hakilingani na lugha nyingine, maana "hatutawaandikia" ni neno moja kwetu na kwa Kiingereza ni maneno matano au sita.

Kiingereza cha sekondari ndipo mahali ambapo sikio lililosahauliwa hutudai gharama kubwa zaidi. Tangu mwaka 1967 mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania anafundishwa kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wakakuta wengi hawawezi kujifunzia kwa lugha hiyo. Kiingereza kikabaki, na mradi uliofuata uliweka uzito mkubwa kwenye vitabu vyepesi vya hadithi. Vitabu ni vizuri, nami nisingeondoa hata kimoja. Ila mtoto ambaye masikio yake hayajaonja Kiingereza cha kutosha anasoma vitabu hivyo kwa sauti za Kiswahili kichwani, na mwalimu anapofungua mdomo haelewi.

Ndipo unapoona ule utaratibu ambao kila aliyesoma sekondari zetu anaukumbuka. Kiranja anakabidhiwa daftari la mwalimu, anaandika notisi ubaoni, darasa linanakili. Kalamu zinatembea saa nzima. Lugha inatoka jichoni inaingia mkononi bila kupita sikioni wala mdomoni, na sioni ajabu kwamba haipiti kichwani. Wiki chache za kuwazoesha wanafunzi Kiingereza mwanzoni mwa kidato cha kwanza haziwezi kufidia hilo. Jim Cummins, aliyefuatilia watoto wa wahamiaji nchini Kanada, alionesha kwamba lugha ya kucheza na kuombana vitu huja ndani ya miaka miwili hivi, na lugha ya kusomea masomo hutaka miaka mitano hadi saba. Tena wale walikuwa wanaisikia lugha hiyo mtaani kutwa.

Kusikia peke yake nako hakutoshi, na lazima niliseme hilo nisije nikaonekana nimelifanya sikio kuwa dawa ya kila kitu. Hukohuko Kanada, Merrill Swain alichunguza watoto wa Kiingereza waliofundishwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka. Walielewa Kifaransa karibu sawa na wenyeji, na bado waliposema au kuandika walikuwa na makosa mengi. Walikuwa hawajalazimika kusema vya kutosha. Baadaye akaandika kwamba mtu hujua pengo lake anapojaribu kusema jambo likamshinda. Na kwetu mtoto anayejaribu huchekwa. Kwa miaka mingi shule kadhaa, Kenya na Tanzania, zimemvalisha kibao shingoni aliyesikika akisema lugha ya nyumbani; Ngũgĩ wa Thiong'o ameyaandika mateso hayo. Waliobuni kibao walitaka watoto waseme Kiingereza. Nilichokiona mimi ni watoto wanaotafuta kona ya kunyamazia.

Stadi nne zenyewe ni mgawanyo wa vitabu zaidi kuliko wa maisha. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa mwongozo wake wa lugha likazipanga upya: kupokea, kutoa, kubadilishana, na kupatanisha, yaani kuchukua maneno ya mtu mmoja na kuyafikisha kwa mwingine asiyeyaelewa. Niliposoma hilo la mwisho nilikumbuka zahanati moja ya kijijini. Bibi hakijui Kiswahili vizuri, nesi hajui lugha ya bibi, na katikati yao amesimama mjukuu wa miaka kumi na sare yake ya shule. Bibi anazungumza muda mrefu, mikono ikielekeza tumbo, mgongo, kisha nje kwenye jua. Mtoto anasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha anamgeukia nesi: "Bibi anasema tumbo linamkata akishakula, si kabla. Na akienda shamba anaona giza." Nesi anauliza kama anatapika. Mtoto anaigeuza, lakini kwa sauti nyingine, ya heshima, ile ambayo mjukuu humwuliza bibi yake jambo la mwili.

Alichuja, akapanga, akashika "akishakula, si kabla", ambalo ndilo tabibu alilihitaji, akabadili kiwango cha adabu akielekea upande huu na akielekea ule. Hiyo ni kazi ambayo watu wazima husomea vyuo vikuu. Wiki ileile, kwenye daftari lake la Kiswahili, huenda alikuwa na alama 38.

Nchi hii iliwahi kulitumia sikio kwa makusudi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, kwa wiki 12. Watu walikaa chini ya mti, wakasikiliza kipindi, kisha kiongozi wa kikundi akasoma kitabu cha somo kwa sauti kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Halafu wakajadiliana: maji yanatoka wapi, mbu wanazalia wapi, choo kichimbwe wapi. Kisha wakachimba. Leo walimu wananiambia kusikiliza hakufundishiki bila vifaa. Vikundi vile vilikuwa na redio moja, kitabu kimoja na mtu wa kuuliza maswali.

Ninachowaomba walimu ni dakika kumi za kila siku. Mwaka wa masomo Tanzania una siku 194, kwa hiyo dakika hizo ni zaidi ya saa 32 kwa mwaka, na karibu zote zinaweza kufanyika bila shilingi. Siku moja imla ya sentensi mbili, na baada yake makofi ya mkazo. Siku nyingine maneno mawili mawili, mahali na mahari, mtoto anainua mkono wa kulia au wa kushoto akiwa amefumba macho ili asiige jirani. Siku nyingine mwalimu anasoma hadithi, anafunga kitabu katikati, na kila mtoto anamweleza mwenzake kilichotokea kwa dakika nne; kisha anambadilisha msikilizaji na kuieleza tena kwa tatu; kisha kwa mbili. Ukisimama mlangoni unasikia ile ya tatu imenyooka kuliko ya kwanza, na hakuna aliyesahihishwa.

Walimu husikiliza haya yote kwa upole, kisha mmoja hunyoosha mkono kuuliza lile ambalo wote wanalo moyoni. Mara ya mwisho alikuwa mwalimu wa kike wa makamo, daftari lake la maandalio limefunikwa gazeti. "Shikamoo, mwalimu. Haya ni mazuri. Lakini mtihani wa darasa la saba hauna sikio. Afisa elimu akija kuniuliza matokeo nimwoneshe makofi?"

Ana haki, na jibu la swali lake haliko darasani kwake. Liko kwa wale wanaotunga mitihani, nao tayari wanaijua njia, maana wameifanya darasa la nne. Msimamizi afungue bahasha, asome kifungu cha aya tatu mara mbili kwa mwendo wa kawaida, avute subira dakika moja, na watahiniwa wajibu maswali manne: nani alifanya nini, kwa nini, nini kilitangulia, na msemaji anataka wasikilizaji wafanye nini. Hakuhitajiki umeme wala spika. Kinahitajika kifungu kilichoandikwa ili kisikike, na msimamizi aliyejifunza kukisoma.